Mswada na Picha Yake: Uhakiki wa Kazi ya Kuhifadhi Hati za Kiswahili kwa Picha za Kidijitali

I

Kwa muda wa miaka 20 na zaidi, neno kuhifadhi limepata maana mpya kwa watu wa maktaba na makumbusho. Zamani kuhifadhi mswada kulikuwa ni kuuweka mahali pakavu, kuulinda na mchwa na mende, na kumkabidhi mtu mwaminifu ufunguo wa kasha. Siku hizi mtu asemapo kwamba mswada umehifadhiwa, mara nyingi maana yake ni kwamba umepigwa picha ya kidijitali, na picha hiyo imewekwa katika mashine mahali fulani, pengine mbali sana na kasha lenyewe. Maana hizi mbili si moja. Makala hii imekusudiwa kupima umbali ulioko kati yake, kwa upande wa miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Rai itakayotetewa hapa ni kwamba faida kubwa ya picha ya kidijitali i katika uhakiki wa maandishi zaidi kuliko katika uhifadhi. Picha humrudishia msomaji haki ambayo chapa ya herufi za Kirumi ilimnyang'anya, nayo ni haki ya kuona kile alichokiandika mwandishi na kukitenga na kile alichokiamua mhariri. Lakini picha isiyosomwa na mtu, isiyoelezwa kwa lugha ya wenye mswada, na isiyofuatana na sauti za wajuao kuusoma, ni kasha jingine lililofungwa, na ufunguo wake u rahisi kupotea kuliko ule wa zamani.

II

Kwanza yafaa tuangalie mali yenyewe na mahali ilipo, kwa kuwa imetawanyika sana. Barua za Kiswahili zilizotoka Kilwa mwaka 1711 zimo katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, nazo huhesabiwa miongoni mwa maandishi ya zamani kabisa ya lugha hii yaliyosalia. Mswada wa Utenzi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, wenye tarehe ya mwaka 1141 wa Hijria, yaani 1728, uko Hamburg. Chuo cha SOAS huko London kina karatasi za William Taylor, za Alice Werner, za William Hichens, na za marehemu Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyiko ambao orodha yake ilitolewa na J. W. T. Allen mwaka 1970. Zaidi ya hayo yote, ipo miswada isiyo na orodha, katika nyumba za watu wa Lamu, Pate, Siyu, Mombasa, Unguja na kwingineko, ambayo hurithiwa pamoja na vyombo vingine vya nyumba.

Kwa hali hiyo, mwanachuoni atakaye kulinganisha nakala 3 za utenzi mmoja alikuwa hana budi kusafiri katika nchi 3, au kuagiza maikrofilamu na kungoja. Maikrofilamu ilifanya kazi kubwa katika karne ya 20, na haifai kubezwa. Walakini ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, na katika miswada mingi ya tenzi rangi ina kazi. Vituo vinavyotenga kipande na kipande mara nyingi hutiwa wino mwekundu. Na pengine msahihishaji wa baadaye hutumia wino ulio tofauti na wa mwandishi wa kwanza. Katika maikrofilamu wino wote huwa mmoja, na sahihisho huonekana kana kwamba lilikuwapo tangu mwanzo. Picha ya kidijitali ya rangi huondoa kasoro hiyo, na kwa jambo hilo peke yake imestahili kushukuriwa.

Picha ya namna hii ni jumla ya nukta ndogo mno, kila nukta ikiwa na hesabu ya rangi yake. Ukurasa wa inchi 8 kwa 10, ukipigwa kwa nukta 400 katika kila inchi, huwa na nukta 12,800,000. Kila nukta ikichukua baiti 3 za rangi, ukurasa mmoja hufika megabaiti 38 hivi, na mswada wa kurasa 100 hukaribia gigabaiti 4. Hesabu hii imetajwa kwa sababu ndiyo asili ya kishawishi kimoja kikubwa: watu huibana picha ili ichukue nafasi ndogo, na kubana huko mara nyingi hufutilia mbali vitu vidogo. Katika hati ya Kiarabu kitu kidogo ni nukta ya herufi, na nukta ya herufi ndiyo tofauti ya neno na neno. Faili la asili lapasa kuwekwa bila kubanwa. Nakala za matumizi ndizo zipunguzwe.

III

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo. Kiarabu kina herufi 28 na alama 3 za irabu: fataha, kasiri na dhuma. Kiswahili kina irabu 5, na kina sauti kadha ambazo Kiarabu hakina. Waandishi wa zamani waliitumia ile hazina waliyokuwa nayo. Kasiri ilisomwa i na pia e. Dhuma ilisomwa u na pia o. Herufi ya ba ilisimama mahali pa b, p na mb. Fa ilisimama mahali pa f na v. Ghaini ilisimama mahali pa gh, g, ng na ng'. Msomaji wa wakati ule hakuona taabu, maana alikuwa akisoma lugha aliyoijua, na mara nyingi utenzi wenyewe alikuwa ameusikia kabla ya kuusoma.

Matokeo yake ni kwamba umbo moja la maandishi laweza kusomwa bata, pata au mbata. Umbo jingine laweza kuwa kiti, keti au kete. Na jingine kuku au koko. Anayetia maandishi haya katika herufi za Kirumi hawezi kuandika yote matatu. Lazima achague. Na akisha kuchagua, uchaguzi wake huchapwa, na msomaji wa kitabu huuchukua kuwa ndio maneno ya mtunzi. Hapana alama katika ukurasa ya kumwambia kwamba hapa palikuwa na njia tatu na mhariri alishika moja.

Wengine husema kwamba kanuni za ushairi zinatosha kumwongoza mhariri. Ni kweli kwamba husaidia, lakini si kila mahali. Mizani haitengi pata na bata, kwa kuwa yote mawili yana mizani 2. Wala haitengi kiti na keti. Kina hutenga tu pale ambapo shaka imeangukia silabi ya mwisho wa kipande, na hata hapo hutegemea jinsi mtunzi mwenyewe alivyoruhusu i na e kukutana. Maana hutenga mara nyingi, lakini katika beti za mafumbo maana mbili zaweza kukusudiwa kwa pamoja, na ulimwengu wa mafumbo ndio ulimwengu wa mashairi ya Mvita. Diwani ya Muyaka iliyotolewa na Hichens mwaka 1940 ilitokana na karatasi alizozikusanya Taylor kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Muyaka alikuwa amekwisha kufariki miaka mingi kabla ya Taylor kufika Mombasa. Basi kati ya kinywa cha mshairi na macho yetu pana kumbukumbu za waliohifadhi kwa moyo, pana kalamu ya Mwalimu Sikujua, pana mkono wa Taylor, na pana uamuzi wa Hichens. Chapa hutuonyesha mwisho wa mnyororo huo tu. Picha ya karatasi huturudisha pete moja au mbili nyuma, na katika kazi ya uhakiki hatua hizo ni kubwa.

Yapo pia mambo ambayo hati ya Kiarabu huyashika na maandishi sanifu ya Kirumi huyaacha. Kimvita hutenga t ya meno na t ya ufizi, na waandishi wengine walitafuta njia ya kuionyesha tofauti hiyo kwa herufi. Wengine walitia nukta 3 chini ya ba ili isomwe p, kwa kufuata desturi ya Waajemi na Wahindi. Mwandishi aliyetia alama kama hizo alikuwa akifanya kazi ya mwanaisimu kabla ya jina hilo kujulikana kwetu. Mhariri akichapa p bila kueleza kwamba mwandishi mwenyewe aliitenga, amefuta ushahidi wa elimu ya mtu huyo; na pale ambapo mwandishi hakuitenga, mhariri amempa sifa isiyo yake. Bila picha hatuwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

IV

Faida ya pili ni katika kutambua mkono wa mwandishi. Mfano bora ni Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Huyu alikuwa mshairi, mchonga milango na mwandishi wa hati nzuri, na kwa muda mrefu alinakili tenzi kwa ajili ya wageni waliokuwa wakisoma Kiswahili, akina Werner, Hichens na Ernst Dammann. Kwa hiyo nakala za mkono wake ziko London, na ziko Hamburg na Berlin pia.

Tuseme mhariri anataka kutengeneza toleo la utenzi mmoja, naye amepata nakala 3 kutoka maktaba 3. Akiona zinakubaliana katika neno lenye shaka, hufurahi na kusema kwamba mashahidi 3 wamesema neno moja. Lakini ikiwa nakala zote 3 zimeandikwa na Kijuma, basi aliyesema ni shahidi mmoja aliyeitwa mara 3. Tena, shahidi huyo alikuwa mshairi, mwenye sikio lake na ladha yake, na si ajabu kwa mnakili wa namna hiyo kutengeneza kipande alichokiona kimepinda. Kulitambua jambo hili kwa maelezo ya orodha ni vigumu. Kulitambua kwa kuziweka picha 3 ubavu kwa ubavu, ukatazama jinsi anavyomaliza herufi ya nuni, anavyotia vituo vyake na anavyopamba ukurasa wa kwanza, ni kazi ya asubuhi moja. Hapa picha hufanya kile ambacho miswada yenyewe haikuweza kufanya, kwa sababu miswada ya Berlin na ya London haitakutana mezani hata siku moja.

V

Faida ya tatu ni kuona kisichoonekana. Mfano uliothibitishwa vyema unatoka katika bara la Kongo, na una uhusiano na Kiswahili kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 1871 David Livingstone alikuwa Nyangwe, kwenye mto Lualaba, ambako wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamejenga kituo chao. Karatasi na wino vilimwishia. Akaandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti la zamani la London, kwa kukingama maandishi ya chapa, na wino wake ulikuwa rangi ya mmea aliyoiita kwa jina ambalo Mswahili hulitambua mara moja kuwa ni zingefuri. Rangi hiyo ilififia hata maandishi yakawa karibu hayasomeki. Kati ya mwaka 2010 na 2011 wataalamu wa Uingereza na Marekani walizipiga kurasa hizo picha kwa mianga mbalimbali, tangu ule ulio ng'ambo ya urujuani hata ule ulio ng'ambo ya wekundu, ambayo jicho la binadamu haliioni. Kwa kuwa wino wa chapa na rangi ya mmea haviupokei mwanga kwa namna moja, kompyuta iliweza kuvitenganisha, na maandishi ya Livingstone yakatoka.

Jambo la kuangaliwa ni lile lililotokea baadaye. Shajara hiyo ina habari za mauaji ya sokoni Nyangwe ya tarehe 15 Julai 1871. Kwa miaka zaidi ya 130 ulimwengu ulizijua habari hizo kwa njia ya maandishi ambayo Livingstone mwenyewe aliyapanga upya baadaye, na kitabu alichokitengeneza Horace Waller mwaka 1874. Maneno ya siku ile na maneno ya kitabu hayalingani kila mahali, na wachunguzi wameanza kuuliza maswali mapya juu ya mwenendo wa watu wa Livingstone mwenyewe. Mashine iliyatoa maandishi. Swali liliulizwa na wasomaji. Laiti picha zile zingewekwa tu katika faili na kuitwa zimehifadhiwa, historia ingebaki ilivyokuwa.

Miswada yetu iliyoliwa na unyevu wa pwani, yenye wino uliochujuka na kurasa zilizogandamana, yastahili njia hiyo hiyo. Ni njia ya gharama, wala si kila hati inaihitaji. Kwa hiyo lazima watu wanaozijua hati wachague zipi zitangulie, na uchaguzi huo ni kazi ya kitaaluma ambayo mpiga picha hawezi kuachiwa peke yake.

VI

Baada ya kuzitaja faida, haki yadai tuseme na upungufu. Picha huonyesha uso wa karatasi. Alama ya maji iliyo ndani ya karatasi, ambayo humsaidia mchunguzi kukisia karatasi ilitengenezwa wapi na lini, haionekani isipokuwa mwanga upitishwe kwa nyuma. Mshono wa kitabu, unaoeleza kama karatasi fulani iliongezwa au ilitolewa, hauonekani ikiwa kila ukurasa umepigwa peke yake. Vipande vya karatasi vilivyotiwa ndani ya kitabu, kama hesabu za deni, dua au tarehe za kuzaliwa watoto, mara nyingi havipigwi picha kwa kuwa havihesabiwi kuwa sehemu ya mswada. Kumbe vipande hivyo ndivyo vinavyoeleza kitabu kilikuwa cha nani na kilitumiwaje. Kazi njema hupiga kila kitu: jalada, mgongo, kurasa tupu, vipande vya ndani, pamoja na rula na kibao cha rangi ili atakayetazama ajue ukubwa wa kweli na rangi ya kweli.

Upungufu mkubwa zaidi ni ukimya. Utenzi ulitungwa usomwe kwa sauti, kwa mahadhi yake, mbele ya watu. Pale ambapo herufi zina shaka, sauti ya msomaji aliyefundishwa na msomaji mwingine ndiyo hukata shauri. Allen alilijua jambo hili. Orodha yake ya mwaka 1970 ina miswada ya Kiswahili na ya Kiarabu, na pamoja nayo ina kanda za sauti, zikiwa zimewekwa katika kitabu kimoja kama mali ya namna moja. Miradi mingi ya picha iliyokuja baadaye, ikiwa na vyombo bora kuliko alivyokuwa navyo Allen, imerudi nyuma katika jambo hili. Imechukua karatasi na kuziacha sauti. Kamera na kinasa sauti siku hizi vimo katika kifaa kimoja cha mkononi. Hapana udhuru wa kupiga picha hati ya mzee na kutomwomba mzee huyo asome.

Vilevile wako wanaotumaini kwamba kompyuta itafundishwa kusoma herufi za Kiarabu za mkono, na kwamba picha zote zitageuzwa maandishi bila taabu. Kompyuta imekwisha kupiga hatua katika kazi hiyo kwa lugha nyingine, na yaweza kutusaidia katika kutafuta na kulinganisha. Lakini kompyuta ikiambiwa itoe herufi za Kirumi, nayo itachagua kati ya bata, pata na mbata, na itachagua kwa kufuata vitabu ilivyofunzwa, yaani kwa kufuata uamuzi wa wahariri wale wale tuliotaka kuwapima. Salama ni kuitaka itoe kwanza herufi za Kiarabu kama zilivyo, na kuuacha uamuzi wa matamshi kwa msomaji, uandikwe waziwazi na jina lake.

VII

Sasa juu ya kudumu. Barua za Kilwa zilizoko Goa zimepita miaka 300, na anayetaka kuzisoma leo anahitaji macho, mwanga na elimu ya herufi. Faili lililowekwa katika diski ndogo katika miaka ya 1990 linahitaji mashine ambayo haiuzwi tena madukani, na programu inayojua lugha ya faili hilo. Karatasi huharibika polepole, na mwenye nayo huona. Faili huweza kuharibika siku moja, na mwenye nalo asijue mpaka siku atakapolihitaji. Kwa sababu hii wenye ujuzi huagiza nakala 3, katika vyombo vya namna 2, na moja iwe mbali. Tena huagiza nakala zikaguliwe kwa vipindi na zihamishwe vyombo vinapochakaa. Hiyo ni kazi isiyokwisha, na fedha za miradi hukwisha.

Maktaba ya Uingereza, London, ilianzisha mwaka 2004 mpango wa kupiga picha nyaraka zilizo hatarini duniani. Chini ya mpango huo hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu, nyingi zikiwa za Kiarabu, zilipigwa picha. Kanuni ya mpango huo ni njema: hati zenyewe hazitoki nchini mwake, na nakala ya picha huachwa kwa wenyewe. Mwezi Oktoba 2023 maktaba hiyo ilishambuliwa na wahalifu wa mitandao, na huduma zake nyingi zikazimika kwa miezi mingi, zikiwemo za kutazama picha za miswada. Hapana aliyetazamia kwamba maktaba kubwa namna hiyo ingefungwa mlango kwa njia hiyo. Fundisho lake ni kwamba ile nakala iachwayo Lamu ni mhimili wa kazi yote, wala haifai kuitazama kama zawadi ya kuwaridhisha wenyeji. Mwenye hati akiwa na hati yake na picha yake, tukio la London haliwezi kumzuia kusoma.

VIII

Lakini kuwa na nakala hakutoshi kama haieleweki. Orodha ya Allen imeandikwa kwa Kiingereza. Na maelezo ya mikusanyo mingi ya picha, hata ile ya hati za Waswahili wenyewe, yameandikwa kwa Kiingereza vilevile. Mzee wa Siyu aliyetoa kitabu cha babu yake kipigwe picha hawezi kukitafuta katika orodha hiyo, wala mjukuu wake hawezi bila kujua jinsi katibu wa ng'ambo alivyochagua kuliandika jina la utenzi kwa herufi za Kirumi. Jina moja huandikwa utendi hapa, utenzi kule, na chuo mahali pengine. Jina la mtunzi huandikwa kwa kufuata Kiarabu katika orodha moja na kwa kufuata Kiswahili katika nyingine. Picha hupotea katika orodha kama mswada ulivyopotea katika kasha.

Dawa ya jambo hili haina gharama kubwa. Kila picha iambatane na maelezo ya Kiswahili. Beti ya kwanza na ya mwisho zinakiliwe kwa herufi za Kiarabu kama zilivyo katika mswada, kwa kuwa hizo ndizo kitambulisho kisichobadilika. Jina la mwandishi litengwe na jina la mtunzi. Tarehe ya kunakiliwa itengwe na tarehe ya kutungwa. Kutajwe jina la mwenye mswada kama ameridhia, na kama hakuridhia, uamuzi wake uheshimiwe. Kadhalika ziko hati za tiba, za falaki na za dua ambazo wenye nazo hawapendi zitazamwe na kila mtu. Kuzipiga picha kwa ajili ya usalama wao ni jambo moja. Kuzitangaza kwa ulimwengu ni jambo jingine, na ruhusa ya la kwanza haihesabiwi kuwa ruhusa ya la pili.

IX

Kutokana na yaliyotangulia, mapendekezo manne yanaweza kuwekwa mbele ya vyuo vyetu. La kwanza, toleo lolote jipya la utenzi au diwani ya zamani lisikubaliwe kuwa la kitaaluma mpaka liwe limeonyesha picha za mswada uliotumiwa, au mahali zinapopatikana, na limeeleza mahali ambapo mhariri alichagua kati ya masomo mawili au zaidi. La pili, kila mradi wa picha uwe na msomaji wa hati tangu siku ya kwanza, na kinasa sauti pamoja na kamera. La tatu, maelezo yaandikwe kwa Kiswahili, na nakala kamili ikae Afrika Mashariki, mahali palipo na bajeti ya kuikagua kila mwaka.

La nne ndilo linalobeba mengine yote. Herufi za Kiarabu kwa maandishi ya Kiswahili zifundishwe katika idara za Kiswahili kama sehemu ya lazima kwa kila mwanafunzi wa shahada ya juu ya fasihi ya zamani. Leo mtu aweza kupata shahada katika tenzi bila kuweza kusoma ukurasa mmoja wa utenzi kama ulivyoandikwa. Mtu huyo akifunguliwa picha iliyo safi kuliko zote, haoni kitu isipokuwa mapambo. Picha zitazidi kuongezeka, kwa kuwa vyombo vinazidi kuwa rahisi. Wasomaji hawataongezeka isipokuwa wafundishwe, na wale wanaojua kwa kurithi ni watu wazima.

Kazi ya kuanzia iko tayari. Nakala za mkono wa Muhamadi Kijuma zilizoko London, Hamburg na Berlin zaweza kukusanywa kwa picha, zikawekwa pamoja katika orodha moja ya Kiswahili, na zikasomwa kwa sauti na watu wa Lamu wanaoijua lahaja ya tenzi hizo. Katika kazi hiyo moja tutajua ni matoleo mangapi tuliyo nayo leo yanayosimama juu ya mashahidi wengi, na ni mangapi yanayosimama juu ya mnakili mmoja. Wanafunzi watakaoifanya watakuwa wamejifunza kusoma, na jarida kama hili litapata mahali pa kuyachapa matokeo yake, picha na somo lake zikikaa katika ukurasa mmoja.